Mume wa Loisi

Yonasi alimkuta Ketrina uani akigeuza kahawa kwenye kichanja. Jua la Agosti lilikuwa limepanda na nusu ya kijiji cha Iyula walikuwa kwenye mashine ya kumenyea, lakini Yonasi alikuwa amevaa koti zito la baridi, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akaisifu kahawa kwa jinsi ilivyokauka. Ketrina akamkaribisha ndani, naye akachagua kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akaketi upandeupande, mgongo ukutani, macho nje.

Ketrina aliujua ukaaji ule. Alikuwa msaidizi wa kisheria wa shirika la wanawake lenye ofisi Vwawa, na kwa miaka mingi wanawake waliopigwa na waume zao walikuwa wameketi vilevile kwenye sebule ileile, tayari kuinuka. Hakuwahi kumwona mwanaume akiketi hivyo.

Kazi hiyo ilimfuata yenyewe. Dada yake, Scola, aliolewa Itaka, na mumewe akampiga mpaka akafa. Wazee wa pande mbili walikaa, wakala, wakayamaliza kwa ng'ombe. Ng'ombe wakaletwa, wakafungwa nyuma ya nyumba aliyozaliwa marehemu, na mama yao hakuyagusa maziwa yao hadi naye alipozikwa. Tangu hapo Ketrina hakukubali tena jambo la mwanamke limalizwe na wanaume waliokalia viti. Alitembea kata kwa kata, aliingia vilabuni kuwatoa walevi waliouza mahindi ya familia, alisimama na wajane mahakamani. Wanaume walimwogopa, na yeye hakuona ubaya wa kuogopwa.

"Mama Deus," Yonasi alisema mwishowe, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "nimekuja kwako kwa sababu Loisi anakusikia."

Loisi alikuwa mkewe. Alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha kina mama alichokianzisha Ketrina mwenyewe, mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye mkono wa kutoa. Alinunua maharage Iyula na Itaka akayauza Tunduma kwa Wazambia na Wakongo, na kila penye mkutano wa wanawake yeye ndiye aliyepewa kipaza sauti. Ketrina alimpenda kama mtu anavyopenda mti alioupanda kwa mkono wake.

Yonasi akafungua vifungo vya koti. Chini ya koti hakuwa na shati, maana shati lisingevalika. Kutoka begani hadi kifuani ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, na mahali pengine ilianza kutoa maji. Alisema ni uji. Alisema juzi uji, na kabla ya hapo mpini wa fagio, na kabla ya hapo mwiko. Aliposema mwiko, Ketrina aliona mdomo wake mwenyewe ukitaka kucheka. Aliinama haraka, akajifanya anatafuta kitambaa, lakini Yonasi alikuwa amekwishaona. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyezoea kuona kicheko hicho na ambaye angeshangaa kukikosa.

Akaeleza. Mambo yalianza alipoanguka kutoka juu ya lori la magunia, mgongo ukaumia, akawa hawezi tena kubeba wala kulima siku nzima. Loisi akasimama peke yake. Mwanzoni yalikuwa maneno tu: anakula asichokivuna, analala kama mgonjwa wa kulipwa. Kisha yakaja makofi, na baada ya makofi vikaja vitu. Yeye hakuwahi kurudisha mkono. Mtoto wao Tabita, aliyekuwa darasa la sita, alikuwa ameanza kutoka nje mwenyewe kila aliposikia sauti ya mama yake inapanda, akaenda kukaa shambani chini ya miti ya kahawa mpaka kutulie.

Ketrina akamuuliza kama amekwenda polisi, dawati la jinsia. Yonasi alikuwa amekwenda. Askari aliyempokea alimuuliza kama mkewe anacheza ngumi, kisha akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Alikwenda kwa wazee wa kanisa lao, wakamwambia aombe, na asimame kama kichwa cha nyumba. Alikwenda kwa kaka yake mkubwa, Wiliam, naye akamwambia ukoo wao hauna mtu wa aina hiyo. Ampige huyo mwanamke mara moja tu, sawasawa, na mambo yatakwisha, ama sivyo asimletee tena aibu hiyo mlangoni. Kilabuni walikuwa wamekwishampa jina. Walimwita mke wa Loisi.

"Sitaki afungwe," Yonasi alisema. "Sitaki hata aaibike. Nataka mtu anayemheshimu amwambie aache. Hapa duniani ni wewe tu."

Ketrina alimpaka dawa, akampa shati kuukuu la mumewe lililokuwa pana, na akamwahidi. Alipokuwa akimtazama anashuka njiani, aliona kwamba anatembea ukingoni kabisa, karibu na majani, kama anayempisha mtu.

*

Siku ile ile alipanda gari kwenda Vwawa kumweleza mratibu wa shirika, Imelda. Imelda alikuwa mwanamke mwenye bidii na asiye na majivuno. Alikuwa ameshalala sakafuni hospitalini akilinda wasichana waliobakwa, wakati ndugu zao wenyewe wanasita. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na Ketrina alimshukuru kwa hilo. Lakini alisema nyumba salama ni ya wanawake na watoto, na haiwezekani kumlaza mwanaume pamoja na watu waliokimbia wanaume. Hilo Ketrina aliliona ni kweli. Kisha akasema kwamba wageni wafadhili wanakuja mwezi ujao, kikundi cha Iyula ndicho watakachotembelea, na Loisi ndiye atakayezungumza.

"Ukimgusa sasa, tutakuwa tumewapa silaha wote wanaotusubiri tuanguke," alisema. "Watasema mnaona, ndiyo haki wanayowafundisha wake zetu. Tusubiri wageni wapite, kisha tukae naye kwa utulivu."

Ketrina akakubali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alikubali upesi vile, na jibu halikumpendeza. Ilikuwa rahisi. Ingekuwa ni mwanamke mwenye bega lile, angemlaza kitandani kwake usiku huo huo na asingemwuliza mratibu wala mgeni yeyote.

Wageni walikuja. Loisi alisimama mbele yao na kitenge kipya, akasema kwamba katika nyumba yake hakuna tena anayeogopa. Watu walipiga makofi na vigelegele. Yonasi alikuwa amekaa nyuma na wanaume wengine, shati la mumewe Ketrina limemfika magotini karibu, naye pia alipiga makofi. Jumapili zilizofuata alimtazama Ketrina kanisani, mara moja tu kila Jumapili, bila kulaumu, na Ketrina alikitazama kitabu chake cha nyimbo.

Mvua za kwanza zilipoanza kunukia, alijilazimisha. Alimfuata Loisi Tunduma, maana nyumbani asingemkuta peke yake. Alimpata kwenye banda lake karibu na barabara ya mpakani, malori yamepangana hadi mtu asione mwisho wake, wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakimsalimia "Mwapoleni, ba mayo" na yeye akiwajibu kwa Kibemba chao huku mikono inachota maharage. Alifurahi sana kumwona Ketrina. Alimwagizia chai na chapati, akafukuza wateja wawili ili wapate nafasi ya kuongea.

Ketrina alisema alichokuja kusema. Alikisema kwa upole, lakini chote.

Loisi alicheka kwanza. Kisha uso ukapoa, na mikono ikaacha kuchota.

"Amekuja kwako," alisema. "Amevua nguo mbele yako."

Ketrina alimwambia hilo silo jambo. Jambo ni kwamba hata yeye, Loisi, alimsikia Ketrina akifundisha kwamba mkono si sheria, na hakusema mkono wa mwanaume peke yake.

"Mama Deus, wewe ulisema mkono wa mwanaume. Mimi nilikuwepo." Loisi alivuta pumzi. "Baba alimpiga mama tangu nina akili mpaka alipokuwa hawezi kuinua mkono, na bado akamwagiza kaka yangu ampige. Hakuna mtu aliyepanda gari kutoka popote kumfuata baba kazini. Leo mimi, kidogo tu, umekuja mpaka Tunduma."

"Si kidogo. Nimeliona bega."

"Mimi niliona vyote vya mama."

Ketrina alisema kwamba ndiyo sababu yeye angepaswa kujua. Loisi akamtazama muda mrefu, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama kuna kitu kinataka kulegea usoni mwake. Macho yakajaa machozi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba katika kila nyumba aliyowahi kulala palikuwa na anayepiga na anayepigwa, na kwamba aliapa akiwa msichana hatakuwa wa pili. Hakuna aliyemwonyesha nyumba ya aina ya tatu. Kisha mteja akaita, naye akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Nimekusikia," alisema. Akamfungia Ketrina maharage ya kupika, akakataa katakata kulipwa.

Ketrina alirudi Iyula na maharage yale mapajani, akiamini kwamba amefanya kazi yake.

*

Kilichotokea nyumbani kwa Loisi Jumamosi iliyofuata kilijulikana kwa majirani na kwa Tabita. Loisi alirudi kutoka Tunduma mchana, akamkuta mumewe jikoni anachambua mboga. Alimuuliza ni kwa nani kwingine amekwenda kuvua nguo. Akamtaja Ketrina. Yonasi aliendelea kuchambua mboga. Loisi akachukua kuni iliyokuwa inawaka upande mmoja, akamchoma nayo shingoni, akamwambia avue basi, avue hapa hapa na majirani waje waone. Tabita alikuwa mlangoni. Yonasi akavua shati. Loisi akamwambia na suruali.

Hapo ndipo Yonasi aliposhika mpini wa jembe uliokuwa umeegemea ukuta. Alimpiga mara moja, kama kaka yake alivyomwagiza, na mambo hayakwisha. Alimpiga tena. Majirani walioingia kwa kelele za Tabita walisema alikuwa anapiga bila kusema neno, bila hasira usoni, kama mtu anayepura maharage, na kwamba ilibidi wanaume watatu wamshike, yeye mwenye mgongo mbovu. Loisi alikuwa chini. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na taya lilining'inia.

Yonasi alikwenda akakaa nje kwenye jiwe la kunolea, akawasubiri polisi.

Ketrina alifika mbio, khanga moja, akampakata Loisi kichwa mpaka gari lilipopatikana. Hakuwa na wazo lolote. Damu ililoa mapaja yake, na alimsikia Tabita nyuma ya nyumba akitapika.

Siku mbili zilizofuata magari mengi yaliingia Iyula kuliko yaliyowahi kuingia mwaka mzima. Polisi wa dawati walikuja, wapole, wakiwa na maji ya kunywa kwa ajili ya mtoto. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuja. Mwanasheria wa shirika alikuja kutoka Mbeya, na waandishi wawili wenye kamera. Loisi alipewa chumba cha peke yake hospitalini, na Tabita akapelekwa nyumba salama kabla jua halijazama. Imelda aliyapanga yote kwa simu moja mkononi na nyingine sikioni, na kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa kwenda. Ketrina alikuwa amepigania kwa miaka kumi na zaidi ili kiende hivyo. Sasa alisimama kando ya gari akiona milango inafunguka mmoja baada ya mwingine, na alishindwa kufurahi na alishindwa kulia.

Walipokuwa njiani kurudi Vwawa alimwambia Imelda. Alimwambia kwamba kama hata mlango mmoja kati ya hiyo ungefunguka mwezi wa Agosti, Loisi angekuwa na macho mawili.

Imelda hakuendesha haraka. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Alisema anajua, na kwamba hajalala akiliwaza. Kisha akasema:

"Lakini niambie, mama. Polisi ni ya nani? Kanisa ni la nani, baraza la ukoo ni la nani? Hayo yote ni yao tangu hatujazaliwa. Sisi tuna vyumba vitatu na gari moja bovu, tumevipata kwa kuomba. Yeye alianzia kwao, wakamcheka. Wamemcheka wanaume wenzake. Halafu kosa liwe letu?"

"Sikusema ni letu peke yetu," Ketrina alijibu. "Nasema alipofika kwetu hatukumcheka. Tulimwambia asubiri wageni."

Ketrina aliuona ukweli wa mwenzake na aliuona wa kwake, na kweli hizo mbili hazikumsaidia mtu yeyote.

Alikwenda kumwona Yonasi mahabusu. Alitarajia kumkuta amevunjika, na alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia. Yonasi alitoka amenyoa ndevu, amevaa shati jipya. Alisema anakula vizuri. Kaka yake Wiliam anakuja karibu kila siku na chakula cha moto, na kilabu kizima kimechanga kumtafutia wakili. Wanaume ambao hawakuwa wakimsalimia wamekuja wakamshika mkono. Hata askari, alisema, wale wawili waliomcheka, mmoja alimpa sigara.

"Wanasema sasa nimekuwa mtu." Alizitazama nyaya za dirisha. "Mama Deus, mimi nilimpenda yule mwanamke. Usiku nasikia lile jicho likipasuka. Namwambia kaka, nasikia lile jicho, ananiambia litapita, kula nyama."

Ketrina aliyasahau maneno aliyoyaandaa. Alimuuliza kama kuna kitu anahitaji, na Yonasi akasema hapana, hajawahi kupata watu wengi kiasi hiki.

Kesi iliposikilizwa, Ketrina aliomba asikilizwe kabla ya hukumu. Imelda alimsihi asifanye hivyo, kisha akaacha kumsihi. Alisimama mbele ya hakimu akaeleza kuhusu bega, uji, na mtu aliyekwenda kila mahali. Upande mmoja wa chumba wanaume wa Iyula waliguna kwa kuridhika, kana kwamba wameshinda mechi, na hilo lilimuumiza kuliko kimya cha wanawake upande wa pili, wanawake aliowafundisha mmoja mmoja kusema bila kuinamisha kichwa. Hakimu alisikiliza kwa heshima. Alisema mahakama imeyazingatia hayo, na kwamba jicho haliwezi kurudishwa. Yonasi akapelekwa gerezani kwa miaka mingi. Alipokuwa anatolewa Wiliam alimpungia ngumi hewani, na Yonasi akainamisha kichwa.

Loisi hakuwepo mahakamani. Ketrina alimfuata nyumbani baadaye, taya lilipokuwa limeungwa upande. Kahawa ilikuwa imeiva na kuanguka yenyewe chini ya miti, hakuna aliyeiokota. Tabita alikuwa amechukuliwa na bibi yake wa upande wa Mbozi Mission, na walisema huko haongei na mtu, wala hataki kuulizwa anamtaka nani kati ya wazazi wake. Loisi alikuwa amekaa mahali pa giza, khanga imefunika nusu ya uso.

"Ulimtetea," alisema. Maneno yalitoka kwa shida, yamepinda.

Ketrina alisema ndiyo. Alitaka kuendelea, kusema kwamba alimtetea yeye pia, kwamba alikwenda Tunduma kwa ajili yao wote wawili, lakini alipotazama kile kilichobaki cha uso ule aliona hakuna sentensi ya kuanzia. Alitwaa kikapu, akatoka kuokota kahawa mpaka kilipojaa. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akakiacha kizingitini.

Kikundi kilimchagua mwenyekiti mpya na hakikumwita Ketrina kwenye mkutano. Aliiacha kazi ya shirika kabla ya mwaka kuisha. Imelda alimwomba abaki. Alisema wanaandaa mpango, kwamba mwakani watatafuta namna ya kuwasikiliza na wanaume, ameshaliweka kwenye mazungumzo na wafadhili. Ketrina alimwamini. Alisubiri asikie, na mwaka huo ukapita, na mwingine ukaanza.

Wanawake bado wanakuja kwake, kwa mazoea, na yeye huwapeleka Vwawa kwa mkono wake mwenyewe. Mwanaume hajaja hata mmoja. Wapo, anajua. Anawaona sokoni na kanisani, mmoja anakaa mgongo ukutani, mwingine amefunga vifungo hadi shingoni wakati wa jua kali. Aliwahi kumsogelea mmoja akamsalimia na kumwambia kama ana neno, nyumbani kwake kuko wazi. Mtu yule alimshukuru, akamwambia hana neno. Alisema amezungumza na wenzake kilabuni, nao wamekwishamweleza la kufanya.